Milimita Ishirini na Tano

Maji yaliyobaki yalikuwa nusu lita, na mpimaji wa hali ya hewa alikuwa anajiandaa kuyamwaga.

Aliketi kwenye kivuli cha kibanda cha vipimo, chupa katikati ya magoti. Midomo ilikuwa imempasuka. Mbele yake kilele cha mlima kilinyooka tambarare kama meza, jiwe la mchanga jekundu lisilo na jani, kisha kikakatika ghafla. Baada ya hapo ni hewa tupu, mita mia na hamsini.

Njia ya kushuka ilikuwa moja tu: ngazi zilizochongwa kwenye ufa wa upande wa mashariki. Juzi asubuhi, akiteremka kuchota maji, alisikia mlio chini ya miguu, kama gogo linalovunjika. Akaruka nyuma. Ngazi zikaporomoka, na mkoba wake wenye redio ukaenda nazo. Hakushangaa sana. Miaka yote upepo ulikuwa unalila tabaka laini la udongo lililo chini, na jiwe gumu la juu likabaki linaning'inia. Aliwahi kuwaandikia barua mbili ofisini.

Akilala kifudifudi ukingoni, aliliona birika la kuhifadhia maji pale chini, na pembeni yake mstari wa vichaka vya kijani. Hivyo vichaka ndivyo vilivyomuuma. Mvua kubwa huteremka kwenye ukuta wa mlima ikalijaza birika. Inayobaki hunywewa na jiwe, ikashuka ndani kwa ndani hadi ikutane na udongo, kisha ikachuruzika kwenye mizizi ya vichaka. Juu haibaki kitu.

Lori la maji lilitarajiwa mwisho wa mwezi. Siku kumi na moja. Kwa joto lile, yeye alijihesabia mbili.

Kilichokuwa bado kinafanya kazi ni kipima mvua, kile kipya cha sola, kinachotuma tarakimu ofisini chenyewe kila saa. Kwa miezi saba kilikuwa kimetuma sifuri. Anga lilikuwa jeupe, bila wingu hata la kusingizia. Ikisomeka mvua leo, aliwaza, mwenye akili atajua kuna jambo. Watapiga redio. Hawatajibiwa. Watakuja.

"Ee Mungu," alisema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, "mvua sina. Hiki ndicho nilicho nacho. Kipokee."

Akayamimina polepole kwenye mdomo wa kipima mvua, tone lisipotee. Akainyonya shingo ya chupa, akakaa kungoja.

Ofisini, mwendo wa saa tatu kwa gari, mkewe alikuwa amekalia benchi mbele ya meza ya mkuu tangu mlango ulipofunguliwa.

"Mama, nimekwambia zile redio ni kuukuu," mkuu alisema kwa mara ya nne. "Hata mimi mke wangu hanipati."

"Wewe mkeo hakupati kwa sababu nyingine."

Karani aliinamia droo kuficha kicheko. Mama hakucheka.

"Miaka kumi na sita, kila jioni ananisalimia kupitia redio ya hapa. Juzi kimya. Jana kimya. Na birika mlilijaza nusu tu. Mume wangu hana maji. Sitoki hapa."

Mkuu alishusha pumzi, akavuta karatasi ya safari, akasaini. "Haya, umenishinda. Dereva! Peleka maji leo, na usirudi kabla hujamwona huyo bwana kwa macho yako."

"Panda mbele, shemeji," dereva alisema, akiwasha injini. "Tukimkuta anakoroma, nitamwamsha kwa ndoo nzima."

Mguu wa mama ulikuwa umeshakanyaga ngazi ya lori karani alipotoka mbio, karatasi mkononi.

"Mvua! Kule mlimani! Milimita ishirini na tano kwa saa moja!"

Dereva alichungulia juu. "Na jua lote hili?"

"Mvua ya jangwani huchagua pa kunyesha," mkuu alisema, akiisoma karatasi huku uso ukimfunguka. "Kumbe ndiyo maana redio zilikufa. Ni mawingu! Na birika saa hizi linafurika. Mama, mumeo anaoga!"

Akampungia dereva mkono. Injini ikazimwa.

Mama alishuka taratibu, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akalia kwa shukrani. Tangu juzi alikuwa amefunga, hata tone la maji hakuwa amelionja, akiomba kitu kimoja tu: mvua.