Chura Aliyeshindwa Jembe

Palikuwa na Mama Pimbi aliyepanda mchicha nyuma ya nyumba, ili awapikie wakwe wa bintiye waliokuwa wanakuja Jumamosi. Chura akapiga hodi, akaomba kujipumzisha kivulini.

"Karibu, shemeji," alisema Mama Pimbi. "Ila siku ya tatu nitakupa jembe."

Siku ya tatu akampa. Chura alilikumbatia, akalivuta, likamwangukia tumboni. Mama Pimbi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mgeni gani huyu! Kutafunatafuna tu kutwa nzima. Nenda zako!"

Chura akaondoka. Kesho yake viwavi walijaa kwenye mchicha, wakila majani. Mama Pimbi alimkimbilia Chura njiani akipiga mayowe.

"Shemeji, rudi! Wakwe watakula nini?"

"Nilikuwa nawatafuna hao hao," alisema Chura, "nawe ukaniona mlafi."

Akarudi, akaanza kazi: ulimi nje, ulimi ndani, kiwavi huyu, kiwavi yule! Mama Pimbi akapiga vigelegele.

Jumamosi wakwe walikula mchicha hadi wakaramba sahani. Wakauliza, "Mbona jamaa yule aliyelala chali hamumkaribishi chakula?"

"Mwacheni," alisema Mama Pimbi. "Yeye alitangulia kula, ndiyo maana nanyi mmekula."