Ndege Viziwi wa Balbina

"Nikipiga ukelele mmoja tu, ndege wote wa Ifakara wanahamia Kiberege," Balbina alimwambia binti yake Frida, huku akipanga kapuni beseni la bati na matango manne. Kisha akasita. "Ila viziwi. Na mwaka huu, mwanangu, viziwi ni wengi."

Beseni lilikuwa la kupiga ili ndege waogope. Matango ya kiu. Kila siku alfajiri alitoka hivyo hapo Viwanja Sitini kwenda kuamia ndege kwenye mpunga wao, ng'ambo ya mto Lumemo, akarudi jua likizama.

Siku hiyo Frida, aliyekuja likizo kutoka Morogoro, alimnyang'anya kapu akamkalisha kwa nguvu. Alitaka kuwapeleka wazazi wake mapumziko ya siku nne, mahali penye spa. Mama alikuwa na kazi moja tu: kuchagua mahali. Jibu lilitakiwa kesho yake jioni, maana vyumba vinagombaniwa.

"Spa ndiyo nini?"

"Unalala tu, mama. Watu wanakuhangaikia."

"Kama maiti," Balbina akasema.

Kwenye kiti cha uvivu, Mzee Hermenegildi alikohoa. Mgongo wake uliumia mwezi wa kumi na mbili, siku ileile majembe yalipotolewa stoo, na tangu hapo hajainama hata kuokota kandambili. Kutoka kwenye kile kiti mpaka ashikwe mkono. Shamba lenyewe alikuwa analisikia kwa habari tu.

"Mwenye mgongo ni mimi," alisema. "Mchague mahali penye wachuaji wenye nguvu. Sitaki wa kunipapasa."

Frida akafungua picha kwenye simu. Ya kwanza Zanzibar.

"Nivuke maji yote hayo nikalale? Huku vitanda vimeisha?"

Lushoto.

"Baridi. Nitarudi na kikohozi, halafu baba yako aseme kimemwingia mgongoni."

Hoteli moja ya Bagamoyo, wanakokuwekea mawe ya moto mwilini.

"Mawe ya moto? Kwani nimekosa nini?"

Nyingine, wanakokupaka matope mpaka puani.

"Frida, mimi mtu wa bondeni. Matope niyafuate kwa basi?"

"Nenda popote, mke wangu," Hermenegildi akabembeleza. "Mimi hata hayo matope nayataka."

"Na mpunga?" Balbina akauliza kwa ile sauti yake nzuri ya kwaya, isiyo na mkwaruzo hata kidogo. "Nikiukosa siku moja tu, wale viziwi wanaumaliza. Mwaka mzima tutakula nini, picha?"

"Nitaweka mtu wa kuamia."

"Ndege wamenizoea mimi."

"Mbona kwa mama Eufrasia jana nimekula wali mpya? Mashamba yenu si yamepakana?"

"Eufrasia alipanda mapema. Yule ana haraka tangu kipaimara."

Frida akazima simu. "Basi. Chumba ni cha wawili. Mama asipokwenda, baba naye haendi. Nitakwenda zangu kumwona shangazi."

Balbina akachukua kapu lake, akaenda. Hermenegildi akabaki anatazama ukuta kama mtu aliyenyang'anywa sahani mkono ukiwa umeshafika kwenye nyama.

Kesho yake Balbina alitoka alfajiri kama kawaida. Kulipokucha vizuri, Frida naye akaenda sokoni. Nyumba ikabaki na Hermenegildi na kiti chake, na siku yenyewe ndiyo ile ya mwisho ya kutoa jibu.

Alifikiri. Mpunga ukivunwa, ndege hawana shughuli. Ndege wakikosa shughuli, Balbina hana sababu ya kukataa. Balbina akikubali, yeye anachuliwa siku nne mfululizo.

Akachungulia mlangoni, kulia, kushoto, kama mwizi wa kuku. Kisha akasimama. Hakushika fimbo wala ukuta. Akaruka juu ya stuli, akachomoa mundu darini, akaufunga kwenye keria ya nyuma ya baiskeli, na huyo akaondoka. Kabla ya darajani aliipita bodaboda. Bodaboda yenyewe ilikuwa imeharibika, inasukumwa, lakini aliipita.

Alipokaribia shamba akasikia debe linapigwa, na sauti ya kike: "Hoyaaa! Hoyaaa!"

Moyo ukamuuma. Maskini Balbina wake, tangu alfajiri! Akashika mundu mkono mmoja na baiskeli mkono wa pili, akayapasua matete akatokea shambani.

Mpunga haukuwepo. Palikuwa na mashina makavu, na ng'ombe wa mtu anayatafuna bila wasiwasi.

Kwenye dungu lao la kulindia, juu ya magunia manane ya mpunga yaliyopangwa kama kitanda, alijinyoosha Balbina. Miguu ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto yanayofuka mvuke, na machoni alikuwa na vipande viwili vya tango. Eufrasia, mikono imejaa mafuta ya nazi, alikuwa anamchua mabega. Kila baada ya muda, bila kuacha kuchua, alilipiga debe teke la kisigino ili wapita njia wasikie.

"Hoyaaa!"

"Mama Frida!" Hermenegildi alifoka. "Huu mpunga umevunwa lini?"

Balbina akaondoa kipande kimoja cha tango. Jicho lile likaitazama baiskeli, likauona mundu, kisha likapanda taratibu mpaka kwenye ule mgongo ulionyooka kama mvule.

"Karibu, Baba Frida," akasema. "Mgonjwa umemwacha na nani?"