Beseni la Bunju

Mwalimu Mwanakheri aliporudi maabara, alikuta beseni limeoshwa, na yule samaki bunju aliyemleta kutoka Mkokotoni hayumo.

"Ini tumelifukia, Mwalimu, maana ulisema lina sumu," walimwambia wanafunzi wa zamu. "Nyama tumempelekea mpishi, kama samaki wote tunaowapasua."

Darasani aliwasisitizia sumu ya ini, na ganzi yake inayoanzia midomoni. Hakutamka kwamba nyama nayo huweza kuua.

Alitimka. Kiatu kimoja kilimvuka uwanjani, hakukirudia.

Jikoni mchuzi ulikuwa bado ukitokota, na sahani za wanafunzi zilikuwa kavu. Alhamdulillahi.

"Karibu, Mwalimu," alisema mpishi, upawa mkononi. "Nshaonja mara mbili, chumvi imekolea."

Kisha akajifinya mdomo wa chini, akaufinya tena, kama anayeutafuta.