Choo Kinachochongea

Kando ya mfereji wetu, choo cha kila nyumba hupima mkojo. Kikikuta kichocho, mlango wa maji wa shamba lako unajifunga mpaka upone. Eti tunawalinda wanaolima chini yetu. Konokono wa kichocho walikuwa bwawani, wenye mradi wa maji wakawachimbia mfereji hadi mlangoni kwetu. Bwawa halipimwi.

Leo asubuhi binti yangu Namsifu aliniita. “Mama, nimekojoa damu.”

“Chooni?”

“Hapana, bafuni.”

Nikashusha pumzi. Mpunga umeanza kutoa masuke, na dawa itagawiwa mwezi ujao.

“Chooni usikanyage. Ukibanwa, nenda mferejini, kwenye matete.”

“Mwalimu amekataza.”

“Mwalimu hana shamba.”

Nilimsindikiza asionekane. Kwenye matete tulimkuta mtoto wa jirani amechuchumaa, mama yake akimlindia njia. Tuliangaliana, naye akasogea kutupisha.

Mchana dada yangu, anayelima chini yetu, alinipigia simu. Maji yanamfikia vizuri, alisema, yamejaa mpaka wanawe wanaogelea.

“Vizuri,” nikamwambia.