Fomu Namba Kumi na Saba

“Fumba macho,” alisema msaili. “Uko msituni, peke yako, unafuata njia. Usiharakishe.”

Mwanamke aliyekaa upande wa pili wa meza ya chakula alifumba macho. Alikuwa na uso wa mke wa msaili, na hapo ndipo penye shida, maana uso huo walizaliwa nao wawili.

Miezi mitatu iliyopita mapacha hao walipanda teksi moja, na lori likaigonga. Mmoja alifia pale pale. Mwingine alilala siku nne bila fahamu. Hospitali ilimtambua kwa mkoba uliokutwa mapajani mwake, na mkoba ulikuwa wa mke. Basi msaili akamzika shemeji yake, akamrudisha mke nyumbani, na kuanzia hapo hakupata tena usingizi wa kueleweka. Mkoba! Kana kwamba ndugu wawili hawashikiani mikoba.

Tena kulikuwa na ile hodi. Mara nne tangu mazishi alisikia mtu akibisha mlangoni, mchana kweupe. Akifungua, hakuna mtu.

Aliyerudi kutoka hospitali hakuwa yule aliyeondoka. Sauti ilikwaruzwa na mpira wa kupumulia. Sukari aliacha. Alishinda dirishani, akimtazama mumewe kama anavyotazamwa mgeni aliyechelewa kuaga. Akiulizwa ya zamani, mengine aliyakumbuka, mengine akasema kichwa kinamuuma. Na hata aliyoyakumbuka hayakuthibitisha kitu, kwa kuwa pacha mwenzake alikuwa akiambiwa yote, hadi namna msaili anavyokoroma. Mama yao, ambaye peke yake aliweza kuwatofautisha hata gizani, alikwisha kufa.

Msaili alitaka kujua jambo moja tu: alimzika nani?

Ilibaki fomu. Miaka kumi na sita nyuma, alipokuwa akiwasaili wasichana wanaotaka kusomea uuguzi, aliwapitisha wote katika safari hii ya kufikirika. Kuna ufunguo njiani, kuna kikombe, kuna ukuta. Kila kitu kina maana yake, na aliamini kwamba majibu humwanika mtu kuliko vyeti vyake vyote. Msichana wa kumi na saba alipoanza kujibu, msaili alijikuta ameacha kuandika; majibu aliyajaza alipokwisha kutoka. Wiki iliyofuata alinakili anwani kutoka kwenye fomu, akaenda kwao na shati la kuazima.

Majibu yenyewe hakumwambia mtu, ni siri ya kazi. Kwenye karamu alisema tu, “Mimi nilioa majibu,” na watu wakacheka. Mke hakuuliza hata siku moja ni majibu gani. Shemeji ndiye asiyecheka kabisa. Kila hadithi hiyo ilipoanza aliinuka kwenda kuosha vyombo, hata visivyo vichafu. Alikuwa na mambo yake yule mwanamke: hakuolewa, na alibisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Msaili aliamini kwamba shemeji huyo hampendi.

“Kuna ufunguo chini,” alisema sasa. “Unafanyaje?”

“Nauruka. Si wangu.”

Fomu, aliyoitoa kwenye makabati ya kazini, ilikuwa chini ya kitambaa cha meza, lakini aliijua kwa moyo: “Nauokota, namtafuta aliyeudondosha.”

“Mbele kuna kikombe. Kina ufa.”

“Nakiacha. Kitanikata mdomo.”

Kikombe ni mapenzi. Kwenye fomu iliandikwa: “Nanywea upande uliobaki mzima.”

“Mwisho wa njia kuna ukuta. Ni mrefu, na hauna mlango.”

Ukuta ni kifo. Wengine husema watauparamia, wengine watauzunguka. Msichana wa kumi na saba alitabasamu, akasema jambo ambalo msaili hakulisikia kwa mtu mwingine kabla wala baada: “Nabisha hodi.”

“Nageuka,” alisema mwanamke. “Narudi nyumbani.”

Msaili aliichomoa fomu, akaitandaza mezani. Alikuwa akilia na hakujaribu kuficha.

“Shemeji,” alisema, “mke wangu nimemzika kwa jina lako. Niambie tu, sitakufukuza. Nataka nijue nikifika kaburini nimwite nani.”

Mwanamke alifumbua macho. Aliisoma fomu polepole, kidole kikifuata mwandiko mstari kwa mstari, hadi neno la mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, alimtazama kwa huruma.

“Kumbe alikujibu hivi,” alisema.

“Nani?”

“Mimi ni mke wako, bwana. Uliyemwoa ndiye huyu. Ila siku ile ya usaili tumbo lilinishika kwa woga, nikajifungia chooni, na dada akachukua fomu yangu akaingia badala yangu.” Aliirudisha fomu upande wa mumewe. “Wiki iliyofuata ukaja nyumbani kuulizia jina lililoandikwa juu. Yeye ndiye aliyekufungulia mlango, akaenda kuniita.”