Maneno ya Marehemu

“Wallahi, maneno yote haya ni ya marehemu mke wangu,” Mzee Ubwa alimwapia Amne, mtafiti aliyefika Mpendae kukusanya maneno ya Kitumbatu.

Amne akayasoma kwa sauti kutoka daftari lake, alimoyaandika kila sauti kwa herufi yake. Mlangoni, Bi Khamisa, mdogo wa marehemu, akaguna.

“Shemeji, muongo we! Dada hajayasema haya hata akiweweseka!”

Ubwa akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa akiyabuni mwezi mzima, ili mgeni arudi na wapate kumtaja tena marehemu.

“Basi, babu, ya uongo yafute mwenyewe,” Amne akamwambia taratibu, akampa kalamu.

Akayakata, ukurasa baada ya ukurasa. Yalibaki matatu, ya marehemu kweli. Ubwa akayasoma kwa sauti, akatafuta la nne akilini, hakulipata.