Wimbo wa Kushuka

Kamanda aliweka bunduki mezani, kando ya kompyuta, akamwambia Byamungu apige ule wimbo.

"Ile yenye watu wanashukaka nayo," alisema. "Usinidanganye, kaka. Niko najua."

Mji mzima wa Kalembe ulijua. Wimbo ulitoka kwenye albamu ya kwanza ya Byamungu, dub, yaani rege ya mwangwi, aliyoitengeneza kwa kompyuta, besi nzito na maneno aliyoyakata kwenye filamu za vita. Kila mara wapiganaji walipoondoka mjini, aliupiga wimbo huo kwenye spika za kanisa, na waliojificha mlimani wakajua njia ni salama, wakashuka.

Kidole cha Byamungu kiliteleza juu ya kitufe. Akakipangusa kwenye suruali. Akabonyeza.

Besi ilitikisa vioo vya madirisha. Kisha ikaja sauti ya jenerali wa kwenye filamu: "Vita imeisha. Mushuke." Mwangwi ukaibeba hadi kwenye migomba: mushuke, mushuke, mushuke.

Majani yakaachana. Wa kwanza kutoka alikuwa mama yake Byamungu, sufuria kichwani, mabega yakicheza na besi.

Wapiganaji wa kamanda walikuwa wamelala kifudifudi katika shamba la maharagwe, bunduki wamezielekeza kwenye migomba.

"Iko muzuri," kamanda alisema. "Ongeza sauti. Wale wa nyuma bado hawasikie."